Mgeni Haachwi Mlimani

Nyakitonto, Kasulu
Jumapili, alasiri

Yusta mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, nami najua hutarudi kabla ya jua kutua. Atakupa chakula, utakula, utaaga, atakusindikiza, mtafika kwenye migomba ya jirani, utaona aibu kumwacha arudi peke yake, nawe utamsindikiza, akifika mlangoni pake atakumbuka kwamba kuna jambo hajakuambia. Kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Mvua imekatika, nimeketi barazani, na kalamu hii bado inaandika vizuri kuliko nilivyotazamia.

Sitakuandikia habari za kufua, kula na kutunza nauli. Shangazi yako amezisema wiki nzima, na nyingine amezirudia wakati wewe umekwisha kulala. Mimi nataka kujibu swali.

Uliniuliza tulipokuwa tukichuma kahawa, muda mfupi baada ya kumzika mama yako. Tulikuwa kwenye safu moja, wewe upande wa juu, mimi upande wa chini. Ukasema bila kugeuka, "Baba, mama yuko wapi hasa?" Nikakujibu kama mzee wa kanisa. Nilikutajia sura na mstari, kisha sura nyingine na mstari mwingine. Mistari ile ni ya kweli, na sikukosea hata mmoja. Ukasema, "Ndiyo, baba," ukaendelea kuchuma. Hukukataa kwenda kanisani tangu siku ile, lakini uliacha kuimba. Unasimama na kwaya, unafungua kinywa, nami ninayekaa benchi la mbele najua kwamba sauti yako haimo.

Kesho unakwenda Tabora kusomea uuguzi. Huko utaona watu wakifa mbele ya macho yako, na wengine utakuwa umewalisha uji asubuhi ile ile. Naogopa kwamba siku moja, kimya kimya, kama ulivyonyamaza kwenye kahawa, utaamua kwamba hakuna mahali wanakokwenda. Hilo ndilo linalonikalisha hapa na karatasi. Jibu nilikuwa nalo siku ile ile, lakini nilikuficha. Ili ulielewe, lazima nianze mbali kidogo.

Wewe umezaliwa hapa, kwa hiyo hujui kwamba baba yako alifika nchi hii ya milima akiwa hajui kuaga mtu. Kwetu Singida ni tambarare. Mgeni akiondoka unasimama mlangoni na kumtazama hadi awe mdogo kama kisiki, basi, umemaliza kazi. Nilipohamishiwa huku kufundisha (shangazi yako alinifuata baadaye), nikamwoa mama yako kutoka Munanila, niliendelea na desturi yangu ya mlangoni.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu alikuja mjomba wake, mzee Bukuru, aliyekaa ng'ambo ya mlima huu wetu. Hukuwahi kumwona, alifariki kabla hujazaliwa. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ambayo hakuivua ila kwa maombi. Alikula, akanywa, akauliza habari za ng'ombe wa Singida, akaaga. Mama yako alikuwa kisimani. Nikampa mzee mkono mlangoni, nikamtakia safari njema kwa Kiswahili safi kabisa, nikarudi kusahihisha insha za darasa la sita.

Mama yako aliporudi na ndoo yake akauliza, "Mwalimu, mjomba umemwacha wapi?"

"Amekwenda. Tumeagana vizuri."

"Mmeagana wapi?"

"Mlangoni. Nimempa mkono."

Aliitua ndoo polepole. "Umempa mkono," akasema, kama mtu anayerudia habari ya msiba ili ahakikishe ameisikia.

Kabla hajaendelea, jirani mmoja alipita akitokea shambani, akaita kutoka njiani: "Mama Mwalimu, mjomba wako amekaa juu ya jiwe katikati ya mlima. Tukimsalimia anaitikia. Tukimwuliza anangoja nini, anasema anamngoja mkwe wake."

Nilipanda mbio. Nilimkuta mzee ameketi, kikapu kati ya miguu, anatazama bonde kwa utulivu kama aliyelipia kiti.

"Umekuja, mkwe," akasema. "Nilidhani labda una kidonda mguuni."

"Hapana, mzee. Mimi mzima."

"Ashukuriwe Mungu. Basi shika kikapu."

Nikashika. Tulipanda kwa mwendo wake, na mwendo wake siku ile ulikuwa wa konokono, nami nadhani alifanya makusudi. Njiani hakunigombeza. Aliniambia habari za mama yako alipokuwa mtoto, jinsi alivyomficha kuku asichinjwe akamlaza kitandani na kumfunika shuka. Nilicheka hadi nikasahau kwamba nimetahayari. Tulipokaribia kilele niliona wajukuu zake wawili, wasichana, wakipanda kutoka upande wa pili. Walikuwa wamekuja kumpokea. Mmoja alinyoosha mikono akakichukua kikapu kutoka mikononi mwangu. Hakikugusa chini.

"Ona," mzee akaniambia. "Mgeni haachwi mlimani. Wenye nyumba anakotoka humpandisha hadi juu. Wenye nyumba anakokwenda hupanda wakamngoja pale pale. Mzigo unatoka mkono huu unaingia mkono huu. Mteremko ni wa kwake na watu wake." Kisha akasema, "Sasa rudi, mkwe. Wangu wamefika."

Baadaye nilijifunza kwamba hapa neno hilo husemwa na anayeondoka. Anayebaki hana ruhusa ya kusema "basi, mimi naishia hapa." Anakwenda tu hadi aambiwe arudi.

Nawe unajua jinsi mama yako alivyoishika desturi hii. Nadhani alimpandisha kila mtu aliyewahi kunywa maji nyumbani kwetu: wachungaji, wakaguzi wa shule, hata mwuza vyungu aliyemtoza bei ya juu. Na yeye mwenyewe alipokuwa msafiri, akienda Munanila kwa ndugu zake, mimi na wewe tulimpandisha hadi pale juu, naye kila mara alituaga kwa maneno yale yale: "Rudini. Maharage yataungua." Wakati mwingine hakukuwa na maharage jikoni. Alisema hivyo ili tusisimame pale tukimtazama, kwa sababu hakupenda kuondoka akitazamwa.

Kumbuka pia mwaka ule wakimbizi walipoanza kuingia kwa wingi kutoka Burundi. Kundi la wanawake lilipumzika chini ya mlima, pamoja na watoto na vifurushi vyao, wakiwa hawajui kama waendelee au walale hapo hapo. Mama yako alitoka na sufuria ya uji. Walipokwisha kunywa, akachukua kifurushi kikubwa kuliko vyote, cha Mama Daforoza, huyu ambaye sasa ni jirani yetu, akakiweka kichwani pake. Kiha chetu na Kirundi chao ni kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo walielewana tangu salamu ya kwanza.

Mama Daforoza akamwuliza, "Huko ng'ambo kuna nani wa kutupokea?"

"Sijui," mama yako akasema. "Twende kwanza tufike juu."

Walipofika juu hapakuwa na mtu. Bonde lilikuwa tupu. Mama yako alisimama kidogo, akawaambia, "Ngojeni." Akatua kifurushi mikononi mwa Mama Daforoza, akateremka hatua kadhaa upande wa pili, akageuka, akapanda kuwaendea kama mtu anayetoka nyumbani kuwalaki wageni wake. Akanyoosha mikono na kukichukua tena kifurushi kile. "Karibuni," akasema. "Mmechelewa, tuliwangoja." Mama Daforoza amenisimulia mara nyingi kwamba wanawake wote walicheka, watu ambao hawakuwa wamecheka tangu walipoziacha nyumba zao. Wakateremka naye hadi kwenye kanisa la huko, wakalala humo.

Mimi nilimgombeza. Alirudi jioni mimi na wewe tukiwa tumekula viporo. Nikamwambia kwamba mtu mmoja hawezi kuwa msindikizaji na mpokeaji kwa wakati mmoja, kwamba hiyo si desturi. Akaniuliza, "Sasa nani angewapokea, Mwalimu?" Nikasema ugali umepoa.

Basi sasa nafika pale nilipokuficha.

Mama yako alipougua ulikuwa shuleni Kigoma, kwenye mitihani, na ni yeye aliyekataza usiitwe hadi umalize. Tuliporudishwa nyumbani kutoka hospitalini tulijua sote wawili. Lakini mimi, mwanangu, mtu niliyefundisha habari za mbinguni kila Jumapili, niliyewakemea vijana waliosinzia wakati wa somo hilo, sikutaka kuisikia nyumbani kwangu. Kila alipoanza, "Mwalimu, mimi nikifika huko," nilimkatiza. Nilisema, "Usiseme hivyo. Utapona." Nikamwombea apone, nikawaita wazee wenzangu wamwombee apone, nikawafukuza wageni waliokuja na nyuso za msiba. Nilidhani hiyo ndiyo imani imara. Nilisimama kama nguzo mlangoni pake, na kumbe nguzo ilikuwa imeziba mlango.

Asubuhi moja alinitazama kwa muda, akaanza kucheka kicheko kile chake cha puani.

"Unacheka nini?" nikamwuliza.

"Nacheka wewe. Umerudia mambo yako ya Singida."

"Mambo gani?"

"Umenipa mkono mlangoni, Mwalimu. Mimi niko katikati ya mlima, nimekaa kwenye jiwe kama mjomba. Nakungoja."

Niliketi ukingoni mwa kitanda. Nililia, Yusta. Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu nilipokuwa kijana, wala sioni sababu ya kukuficha leo. Naye aliningoja nimalize, kisha akasema, "Haya. Shika kikapu."

Siku zilizofuata, nakwambia kweli, zilikuwa miongoni mwa siku za furaha kuliko zote za ndoa yetu. Tulizungumza juu ya mbinguni kama watu wawili wanaozungumza juu ya safari ya kwenda arusini. Aliuliza kama huko kuna kupalilia. Nikamwambia halikuandikwa.

"Basi nitaomba kashamba kadogo," akasema. "Ka maharage tu. Hawataninyima."

"Huko hakuna njaa."

"Nani amesema njaa? Mimi napenda yakichanua."

Alipanga atakaowaona. Alisema atamsalimia mama yake kwanza, "Mwakeye, mama," kama walivyosalimiana kila asubuhi, kisha atamtafuta mzee Bukuru aone kama huko amevua kofia. Alisema atamwona Bwana wake, na hapo uso wake ukawa kama wa msichana niliyemwona mara ya kwanza akiteka maji Munanila. Nilimwuliza atamwambia nini. Akasema, "Sijui. Labda nitapika." Kisha tukacheka tena, hadi shangazi yako akachungulia kuona kama tumepatwa na wazimu.

Alikufa asubuhi ya Jumapili. Shangazi yako alikuwa ametangulia kanisani, akaniachia sufuria ya maharage motoni na maagizo ya kuongeza maji. Nilikuwa nimemshika mama yako mkono. Alikuwa amefumba macho tangu alfajiri, nami nilidhani hatasema tena. Ndipo akayafumbua, akatazama, si upande wangu, bali mbele ya kitanda, palipo na ukuta na kalenda ya kanisa. Akatabasamu jinsi alivyokuwa akitabasamu alipoona watu wa kwao kutoka mbali na kabla sisi wengine hatujatambua ni nani.

Akasema, "Rudi, Mwalimu. Naona wanapanda."

Nikakaza mkono wake. Akanigeukia, akaongeza, "Maharage yataungua."

Basi. Hakuna neno jingine.

Na yaliungua, mwanangu. Niliketi pale hadi harufu ilipojaa nyumba nzima, na sikuinuka. Watu walipotoka kanisani wakatukuta, mimi bado nimemshika mkono, jiko likitoa moshi. Mama Daforoza ndiye aliyeepua sufuria. Kulikuwa na watu wengi wa kulisha, basi alikwangua yaliyo juu akawapa, wakayala hivyo hivyo na ladha ya moshi.

Watu walianza kuniuliza alivyoaga. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mimi tu ningeweza kulifanya. Niliona haiwezekani mke wa mzee wa kanisa awe ameondoka duniani akitaja maharage. Nikasema, "Aliaga kwa amani, akilitaja jina la Bwana." Mchungaji aliyatumia maneno hayo kaburini. Wewe ulipofika kutoka Kigoma nilikwambia hayo hayo, nawe ukanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Sasa naielewa. Ulimjua mama yako. Ulijua kwamba hayo si maneno yake, na labda ulidhani kwamba kama hayo si ya kweli, mengine yote niliyokwambia pale kwenye kahawa nayo yametungwa na baba yako ili mambo yakae vizuri.

Niliyoyatunga ni hayo tu. Nisamehe. Nilidhani nampa heshima, kumbe nilimvua neno lake zuri kuliko yote.

Sasa swali lako. Mama yako yuko wapi hasa, siwezi kukuchorea ramani. Ninachojua ni kwamba alipokelewa. Nilimpandisha hadi pale nilipoweza, na mzigo wake ulitoka mkononi mwangu ukaingia mkono mwingine, na sikuusikia ukigusa chini. Watu watakwambia kwamba mgonjwa huona mengi. Huenda. Lakini mimi nilikuwa pale, nami nimewasahihisha watu maisha yangu yote, na ningejua kama angekuwa anasema lisilo na maana. Alisema kama mtu anayetoa habari.

Na sababu ya kuamini habari ile si kwamba mama yako alikuwa mwema. Ni kwamba yuko Mmoja aliyefanya kama alivyofanya yeye siku ya wakimbizi. Bonde lilikuwa tupu, hapakuwa na wa kutupokea, naye akatangulia upande wa pili, kaburini kabisa, kisha akageuka akapanda kutujia mikono imenyooshwa. Nimeisoma habari hiyo tangu nikiwa mtoto. Niliielewa Jumapili ile, chumba kikinuka maharage yaliyoungua.

Yapo majira ambayo sioni kitu. Usidhani baba yako huamka kila siku akiona wanapanda. Mwaka jana, wakati wa masika, nilikwenda kanisani wiki nyingi nikiwa mkavu kama gogo. Nilikwenda tu. Kwenye mlima wetu huu ukungu ukishuka, huoni hata miguu yako, na hakuna anayesema mlima umeondoka. Unashika kikapu, unapanda kwa mwendo ulio nao, na aliye karibu nawe anakupigia hadithi ya kuku aliyelazwa kitandani. Kudumu katika imani, kwa jinsi nilivyoona mimi, hakuzidi hapo sana.

Huko hospitalini utakutana na watu walio katikati ya mlima. Wengine watakuwa na ndugu kama mimi, wanaowakataza kusema. Wewe waache waseme. Akitaka kuzungumzia shamba lake la huko aendako, mwulize atapanda nini. Akiogopa, kaa naye. Usimpe mkono mlangoni kwa Kiswahili safi.

Kuhusu kuimba sitakuagiza. Nimekwisha kukuagiza mengi, na sauti si daftari.

Kesho lori la Kasulu litasimama juu ya mlima, maana kwa mvua hizi haliwezi kuteremka kwetu. Sanduku nitalibeba mimi. Najua utabishana nami habari ya goti. Goti ni langu. Barua hii nitakupa tukifika juu, uisome lori likianza kuteremka. Lakini kabla ya kupanda lori unajua kazi yako, wala sina haja ya kukukumbusha. Wewe ndiwe unayeondoka, kwa hiyo wewe ndiwe utakayesema. Sitageuka kabla sijaambiwa, hata dereva apige honi.

Na siku moja zamu itakuwa yangu. Uje ukiweza. Usinifiche hali yangu, usinifukuzie wageni. Shika kikapu tupande, uniambie habari za wagonjwa wako na za wanao, nami nitakwambia nani nitamsalimia wa kwanza, ingawa unamjua. Nikiwaona wanapanda sitakuficha, nitasema. Kisha urudi, mwanangu, bila kusimama kunitazama, ukaangalie jikoni.

Jua linatua. Nawasikia wewe na shangazi yako mnakuja kwenye migomba, mnacheka, na bila shaka mkifika hapa utageuka umsindikize tena. Sasa mmoja wenu anaimba, sauti ya pili, polepole. Sijui ni wewe au ni yeye. Sitatoka kukagua.

Ni mimi baba yako, ninayengoja kuambiwa.